Mdomo Mmoja wa Bomba

Sogeeni, na mwenye haraka ya kujibu aumeze jibu lake kwanza. Palikuwa na watu watatu kwenye kazi ya bomba la gesi. Likonde, mpima njia, alijaliwa maneno laini. Tabia, mchomeleaji, alijaliwa mikono isiyotetemeka. Mwanahawa, mhandisi wa mtambo, alijaliwa masikio.

Gesi yenyewe ilibanwa ndani ya mwamba, bara kabisa, na ilitakiwa isafishwe mtamboni kisha isafirishwe hadi mjini. Meneja alisema bomba litaachiwa mdomo mmoja tu wa kuhudumia kijiji kwa gesi ya kupikia, na atakayefanikisha kazi ndiye atakayechagua kijiji hicho. Tabia alimkumbuka mama yake, aliyevunjwa mguu na tembo akiokota kuni. Akaapa moyoni kwamba mdomo ule utakuwa wa Nahimba, kwao. Hakujua kwamba wenzake nao walikuwa wameapa hivyo kwa ajili ya vijiji vyao, na kuni za huko ziliokotwa pori lile lile.

Likonde ndiye aliyeanza. Njia ilipita mahali ambapo vijana walikuwa jandoni, na wazee hawakutaka hata kusikia habari za bomba. Meneja akataka wazungukie bondeni, kwenye mafuriko. Likonde akakataa katakata. Aliketi na wazee, akakubali mitambo isimame mpaka vijana watoke na kibanda chao kichomwe moto, kama ilivyo desturi. Kilipoungua, wazee wenyewe wakamwonyesha pa kupita.

Tabia akachomelea maungio ya kuvuka mto, na mkaguzi akayapitisha yote. Lakini kwenye picha ya eksirei ya ungio moja Tabia aliona doa dogo lililomkosesha raha. Akalikata, akaanza upya mvua ikinyesha, wenzake wakimshikia turubai huku wakimnung'unikia. Kipande kilichokatwa kilipopasuliwa, kilikutwa na ufa ndani.

Siku ya ufunguzi wageni walikuwa wameshaketi, pilau inanukia. Gesi ilipoanza kuingia mtamboni, Mwanahawa akasikia bomba la kuingizia linagonga kwa ndani. Meneja akamsihi asimwaibishe mbele za watu. Mwanahawa akafunga valvu, na pilau ikapoa. Kumbe maji yalikuwa yanakuja na gesi, nayo yangezivunjavunja mashine. Akahangaika na mtambo wa kutenganisha maji mpaka ukakaa sawa.

Bomba la kwenda mjini likiwa bado tupu, kabla gesi haijafunguliwa tena, ndipo mdomo ulipaswa kuchomelewa. Wakakutana watatu.

"Bila njia, dada Tabia, ungechomelea hewani?" Likonde akauliza.

Mwanahawa akasema kwamba bila yeye, siku ile wangekuwa wanazima moto. Tabia naye akawakumbusha ule ufa. Iliwauma wote, maana kila mmoja alikuwa anasema kweli. Na meneja aliyetoa ahadi? Ameingia mitini, simu haipokei.

Mwishowe Tabia akachukua kinyago chake cha kuchomelea.

"Nitajieni kijiji," akasema. "Hata kisipokuwa Nahimba, nitachomelea vizuri, hakitavuja. Ila kukitaja siwezi, mimi nina mama."

Basi nawageukia ninyi mliokaa kimya kama wageni waliosubiri pilau: kinyago kimeshashushwa usoni, moto umeshawaka. Mngemtajia kijiji cha nani?