Kimya cha Aikande

Katika mji mmoja wa baridi, mtu mwenye duka la mabati na misumari alikuwa na binti aliyepiga piano. Sisemi kile kinanda cha kwaya ambacho ukibonyeza kitufe kimoja kinajipigia ngoma chenyewe. Nasema piano, nyeusi, nzito, iliyoachwa kanisani na wageni waliokwisha kurudi kwao. Na muziki wa watu waliokufa zamani, ulioandikwa nota kwa nota, ambao hupewi ruhusa ya kuongeza chako. Binti aliitwa Aikande. Alikuwa bado mdogo, na alikuwa hodari kuliko tulivyostahili.

Mji mzima ulimsifu. "Talanta yetu," walisema, kama vile waliipanda wao. Walimwita kwenye harusi apige wakati watu wanakula, nao wakala, wakapiga soga, wakaitana kutoka meza hadi meza, na mwisho wakapiga makofi mpaka viganja vikawauma. Lakini piano ya kanisa ilifunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa pakawekwa chombo cha maua, na kila Aikande alipotaka kufanya mazoezi ilibidi kwanza aombe maua yahamishwe. Kuhamisha maua kulikuwa na kamati. Seriously, kamati. Baba yake peke yake ndiye aliyekuwa akifunga duka mapema, anakuja kukaa benchi la nyuma, anamsikiliza mpaka amalize.

Ikatokea chuo cha muziki cha ng'ambo kikatangaza nafasi moja, moja tu, na kikatuma mtahini. Kwa kuwa piano haikubebeka, mtahini akaja kanisani. Masharti yake yalikuwa mepesi kuyaelewa, na mkalimani aliyatangaza kwa Kiswahili kilichonyooka: binti atapiga muziki mmoja mrefu, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kusimama. Akisimama, amemaliza. Watu wakaitikia kwa vichwa. Kanisa lilikuwa limejaa kuliko Krismasi. Wengine walikuja na vitenge vipya mikononi, wengine na mashada yale ya karatasi zinazong'aa, maana unamwendaje mtoto wenu siku yake mikono mitupu?

Akaanza. Hata wale wasiojua kitu walijua kuna kitu. Vidole vyake vilikimbia, vikarudi, vikagombana, vikapatana. Mama mmoja aliacha kutafuna. Mtahini aliinamisha kichwa, na kalamu yake haikugusa karatasi.

"Huyu mzungu mbona haandiki?" mtu akanong'ona.

"Wino umemwishia. Mwache, mtoto atamwongezea."

Wakacheka kwa pua. Kisha muziki ukaanza kushuka. Ukashuka taratibu, ukawa mdogo, ukawa kama mtu anayeondoka chumbani bila kutaka kumwamsha aliyelala. Halafu ukanyamaza. Mikono ya Aikande ikabaki hewani.

Kimya kile kilikuwa kimeandikwa. Nataka mlielewe hili kabla hatujaendelea. Aliyetunga muziki ule alikiweka pale kwa makusudi, kama alivyoweka nota nyingine zote, na aliyekinyamazia vizuri ndiye aliyeujua muziki. Baba alikijua. Alishakisikia mara nyingi kutoka benchi la nyuma, na kila mara alikuwa anazuia pumzi.

Lakini kwetu mtoto akisimama mbele ya usharika kusema shairi, akakwama, hatumwachi peke yake. Tunampigia makofi mpaka akumbuke. Ni desturi nzuri, wengi wetu tumelelewa nayo. Basi walipoona mikono hewani na sauti hakuna, mioyo ikawaruka. Amesahau! Masikini, mbele ya mgeni! Makofi yakaanza upande wa akina mama. Kigelegele cha kwanza kikapaa, kikajibiwa. "Usiogope, mama! Tupo!"

Aikande akashusha mikono akaendelea. Alikuwa anapiga, niamini, vidole vilionekana vinakwenda, ila hakuna aliyesikia. Na kwa kuwa walimwona anaendelea, walijua kwamba wao ndio waliomwokoa. Wakaongeza. Kwaya ikaingiza pambio. Shangazi yake, dada mkubwa wa baba, akainuka akicheza taratibu kuelekea mbele, kitenge kimekunjuliwa, na nyuma yake msururu.

Baba alikuwa amesimama. Mdomo ulikuwa wazi. Alichotakiwa kusema ni neno moja, nyamazeni, na alikuwa na sauti ya mtu anayeuza mabati kandokando ya barabara. Ila nani anamnyamazisha dada yake mkubwa mbele ya kanisa, siku ya furaha, akiwa na zawadi mkononi? Watasema ana majivuno. Watasema ameanza kujiona. Akakaa.

Shangazi akamvika kitenge mabegani. Kitenge kikateleza, kikafunika mkono wa kulia. Binti akapiga na mkono wa kushoto huku anakisukuma kwa kiwiko. Likaja shada, likamziba macho. Likaja la pili, likakatika, makaratasi yakamwagikia vitufe. Bado alikuwa anapiga. Wakamshika sasa, wamkumbatie.

"Shangazi," akasema, "bado sijamaliza."

"Inatosha, mwanangu," shangazi akamwambia, machozi ya furaha yanamtoka. "Tumeona. Umeweza!"

Mikono ikasimama.

Mtahini alisubiri muda mrefu kuliko alivyolazimika. Kisha akafunga kalamu yake, akamwambia mkalimani kwamba hawezi kupima kitu ambacho hakukisikia, akaomba radhi, akaondoka. Mkalimani alijaribu kutangaza, lakini nani angemsikia? Walikuwa wamembeba Aikande juu juu kuelekea kwenye pilau.

Mpaka leo anasifiwa. Mgeni akifika mjini anaonyeshwa: yule pale, binti wa duka la mabati, kipaji cha ajabu, sijui kwa nini hakuenda mbali, vijana wa siku hizi hawajitumi. Wanaosema hivyo ni wale wale, na wanasema kwa upendo. Hilo ndilo linalonichoma, kwamba ni kwa upendo. Ndio hao hao wanaotuvika mashada siku ya mahafali, congrats, congrats, picha hapa, picha pale, halafu kesho yake wanauliza mbona tumekaa nyumbani.

Nina swali moja kwa kila aliyekuwamo kanisani siku ile, na kwa kila anayejisikia alikuwamo: muziki ule ulikuwa unaishaje?