Kenge na Michi ya Kinu

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni motoni, basi. Haya mimi sikuyaona, niliambiwa na mwenye kuona.

Hapo zamani za kale, kijiji kizima kilikuwa na kinu kimoja kikubwa, na mtunzaji wake alikuwa Bi Nungunungu. Kila mwenye mchi alikuwa na sauti. Likitokea neno, michi ilisimamishwa kando ya kinu, na upande wenye michi mingi ndio ulioshinda.

Siku moja akaja Kenge, tumbo mbele.

"Bi Nungu, niuzie kinu."

"Hakiuzwi."

"Niuzie, bibi."

"Hakiuzwi."

"Niuzie, mama yangu."

"Hakiuzwi! Unakitaka cha nini?"

"Nikipasue kitako, nikiwambe ngozi, kiwe ngoma ya mfalme wa ng'ambo."

Bi Nungu akasimamisha miiba. Kenge akaondoka akicheka, naye Bi Nungu akalala usingizi mzuri. Si alikuwa amekataa?

Kumbe Kenge yuko milangoni kwa watu! Kwa Kima akabisha hodi: "Nipe mchi, nikupe mtungi wa asali." Kwa Kanga akabisha hodi: "Nipe mchi, nikupe mtungi wa asali." Kwa Kindi akabisha hodi: "Nipe mchi, nikupe mtungi wa asali." Kindi alipositasita, Kenge akaongeza mtungi wa pili. Hapo nani angekataa?

Mkesha wa baraza la kuamua neno la kinu, Kenge akapita uwanjani na mzigo wa michi mgongoni.

"Bi Nungu, kesho kinu changu!"

"Lakini nilikataa!" akasema Bi Nungu. Akamgeukia Kima. "Shoga, si nilikataa?"

"Ulikataa wewe," Kima akajibu, huku akilamba vidole. "Sisi tuliulizwa, tukakubali."

"Kwani mtunzaji si mimi?"

"Mtunzaji ni wewe, shoga. Wenyewe ni wenye michi."

Bi Nungu akarudi nyumbani kichwa kinamzunguka. Mtu akatae, kisha kitu kiende? Mlango aufunge, mwizi aingie kwa kukaribishwa?

Njiani akasikia vigelegele. Mama Panya amejifungua! Na desturi ya pale, mtoto akizaliwa, kabla hata ya jina, mtunzaji humchongea mchi. Bi Nungu, na bumbuwazi lake, akakaa kibarazani akachonga. Akachonga, akachonga, akachonga. Panya mnamjua uzazi wake.

Asubuhi Kenge akasimamisha michi yake. Bi Nungu na wachache wasioonja asali wakasimamisha yao. Kenge akashika shoka.

"Ngojeni!" Mama Panya huyo anakuja, kitambaani vichanga, kikapuni michi.

"Vijiti hivi?" Kenge akafoka.

"Mchi ni mchi," akasema Kima, asiye na mchi tena, ila mdomo anao. "Desturi haikutaja unene."

"Hao hata macho hawajafumbua!"

"Mama yao anayo," akasema Mama Panya. Akasimamisha kamoja, kengine, kengine, mpaka upande wa Kenge ukaonekana mdogo.

Shoka likaanguka. "Lakini nilinunua!" akalia Kenge. "Kima, si nilinunua? Basi nirudishieni asali yangu!"

Kima akapiga mbweu.

Bi Nungu akamvuta Kima kando. "Shoga, nimeshinda?"

"Umeshinda."

"Siku ile nilikataa, nikashindwa. Leo sikusema kitu. Ni nani aliyekataa?"

"Hakuna aliyekataa, shoga. Watu wamezaliwa tu."

Bi Nungu hakuelewa, na nasikia mpaka leo haelewi. Ila kigoda chake pale kinuni hakukikalia tena. Kila kukicha akawa anapita nyumba kwa nyumba: "Hamjambo humu? Michi yenu ipo?"

Juzi Kenge alibisha hodi kwa Mama Panya, mtungi kwapani. Mlango ukafunguka, akakutana na miiba.

Ngano yangu inakomea hapo. Mwenye mchi na aushike. Aliyelamba asali, anawe mikono.