Jina la Binti wa Semeni

Sogeeni karibu. Nina jambo limenishinda kuliamua, nimekuja kuwatwisha nyinyi.

Juu kwenye milima ya Lushoto, mahali ambapo ukungu wa asubuhi huingia madirishani kama mgeni asiyebisha hodi, palikuwa na kituo cha kuchunguza maradhi kwa mwanga. Hospitali zilipeleka huko vichupa vya damu vilivyozishinda. Tone la damu lilipulizwa kwenye mwali wa moto, likaungua, likatoa nuru. Nuru hiyo ilipita kwenye kioo, ikapasuka kuwa mistari ya rangi. Chuma kina mistari yake, chumvi ina yake, kila kitu kina yake, wala kimoja hakiazimi cha mwenzake. Aliyefundishwa aliisoma damu ya mtu kama barua.

Na watu walifundishwa pale pale. Mwaka ninaousema walikuja wanagenzi watatu, wote wanawake.

Kokushubila alitoka Muleba, na kipawa chake kilikuwa masikio. Mashine ikinguruma aliinamisha kichwa, akajua wapi pamelegea. Nakijwa alitoka Same, na kipawa chake kilikuwa macho. Mahali ambapo wenzake waliona rangi moja ya kijani, yeye aliona tatu. Mwanakombo wa Pangani hakuwa na masikio yale wala macho yale. Yeye watu walimwambia mambo. Alikaa tu kando ya mtu, na mtu akaanza kusema.

Basi hospitali ya jirani ilimpokea mama mmoja, Semeni, mwenye mimba ya miezi saba. Tumbo lilimsokota, damu ilimpungua, mikono haikuweza kushika kikombe. Waganga walipima malaria, hamna. Walipima hiki na kile, hamna. Semeni akawa mtu wa kati na kati, hayuko usingizini wala hayuko macho. Alisema anaona kitanda chake kinaelea juu ya ukungu na mtoto wake anamwita kutoka chini.

Mwanakombo alitumwa kuchukua damu. Semeni alimshika mkono.

"Mdogo wangu, nikikwambia kitu utakificha?"

"Nitakificha, dada."

"Apa."

Mwanakombo akaapa. Semeni akatoa chini ya mto kipande cha udongo, ule ambao wajawazito hupenda kuutafuna. Mama mkwe wake alikuwa amemkataza mbele ya ukoo mzima, naye alikubali. Lakini kila siku alijimegea. Mwanakombo alimfunika shuka, akaondoka na kichupa chake. Wajawazito wengi hula udongo, akawaza, na siri ya mtu ni siri ya mtu.

Damu ilifika kituoni asubuhi ya ukungu mzito. Ilikuwa kidogo mno, na daktari wa wodi alikuwa amekataza Semeni asitolewe nyingine. Mwali ukawashwa, ukatetemeka kama unaoota ndoto mbaya. Kwa mwali ule, mistari isingesomeka, na kufika kesho damu ingeharibika.

Asubuhi hiyo hiyo Kokushubila alikuwa na mtihani wake wa mwisho. Wasahihishaji walikuwa wametoka mbali na gari lao lingeondoka saa sita. Alisimama mlangoni na kalamu mkononi, akausikia mwali.

"Koku, nenda," Nakijwa alimwambia. "Wanaita majina."

"Mwali unapumua maji," Kokushubila akajibu. "Unyevu umeingia kwenye mrija."

Akaweka kalamu. Alifungua mrija baada ya mrija, akaukausha mmoja mmoja. Mwali uliposimama wima, bila kutikisika, gari la wasahihishaji lilikuwa limeshateremka mlima. Cheti chake kikaahirishwa mwaka mzima.

Nakijwa akakaa mbele ya kioo. Rangi zilimwagika ukutani, zikapita usoni mwake, na chumba kizima kikawa kama ndani ya upinde wa mvua. Pembeni mwa mistari ya chuma aliona uzi mwembamba, hafifu kama pumzi.

"Risasi," alisema. "Madini yale yanayotiwa kwenye betri. Yamo kwenye damu yake."

Dokta Kaniki, mwalimu wao, alitazama akatikisa kichwa. "Ule ni uchafu wa mrija, mwanangu. Tumebakiwa na tone moja. Nimelitengea kipimo kingine."

"Nipe mimi, Dokta."

"Ukikosea hakuna jingine. Na wakikufukuza hapa, mimi sitaweza kukutetea."

"Najua."

Dokta akampa. Nakijwa aliusafisha mrija upya, akaliunguza tone. Uzi ule ukatokea tena, mahali pale pale.

Sasa walijua ni sumu gani. Lakini ilikuwa inatoka wapi? Dawa ingemsaidia nini mtu anayeendelea kuila? Mwanakombo alikuwa amesimama nyuma yao. Akilini alikiona kile kipande cha udongo. Alikumbuka kiapo. Kisha akafungua kinywa, akasema.

Udongo ukaletwa, ukaunguzwa, na uzi ule ule ukawaka, safari hii mnene. Semeni akanyang'anywa udongo, akapewa dawa. Mama mkwe naye akajua. Siku tisa Semeni alimgeuzia Mwanakombo mgongo. Siku ya kumi aliweza kushika kikombe, akanywa, akalia.

Miezi miwili baadaye Semeni na mumewe, Mdoe, walipanda kituoni na binti mchanga.

"Tumekuja kutafuta somo wa mtoto," Mdoe alisema. "Kwetu mtoto hubeba jina la mtu mmoja tu. Na huyo ndiye atakayemfunda, ndiye tutakayemwita katika kila jambo lake mpaka aolewe. Mke wangu hajui achague nani. Dokta, tuamulie."

"Mimi niliwafundisha," Dokta Kaniki alisema, "na nilitaka kulipeleka pengine lile tone la mwisho. Msiniulize mimi."

Semeni aliwatazama wale watatu. Kokushubila aliyepoteza mwaka wake. Nakijwa aliyesimama peke yake na tone la mwisho. Mwanakombo aliyevunja kiapo, na ambaye mpaka siku hiyo alikuwa hajathubutu kumtazama usoni. Hakuna aliyesema "mimi," na hakuna ambaye hakutamani. Mtoto akapiga chafya, wote wakacheka.

Mimi nimewaacha pale, Semeni kamnyanyua binti yake, hajajua ageukie wapi. Haya, nyinyi mlionisikiliza: kama mngekuwa Semeni, mtoto mngempa nani amshike, na mngemwita nani?