Kigoda cha Mzee Mbonea

Hapo zamani, watu walipokuwa bado wanapanda kilima bila kutumwa, kulikuwa na kijiji kikiitwa Vuhanga. Kila alfajiri kijiji kizima kilipanda kwenda kuvuta hewa. Aliyewazoesha ni Namkunda, mkunga wao. Wakifika juu walipiga miayo wakielekea upepo, wakalicheka jiwe moja kubwa mpaka mbavu ziwaume, kisha wakashuka kwenda mashambani wakiwa wazima. Kwa nini jiwe? Msiniulize mimi. Liliwafaa.

Mtu mmoja tu hakupanda, Mzee Mbonea. Yeye alikaa uani juu ya kigoda chake tangu uji wa asubuhi mpaka ugali wa jioni. Akiitwa, alisema alitembea vya kutosha ujanani, sasa anakula akiba. Akiba ikaisha. Miguu ikavimba, magoti yakakaza, na kutoka uani kwenda zizini akawa anapumzika mara mbili.

Hapo ndipo binti yake Nanzia, aliyeolewa ng'ambo ya kilima, akajifungua. Desturi yao ilikuwa hivi: babu mzaa mama akifika kwa miguu yake siku ya arobaini, yeye ndiye humpa mtoto jina. Akibebwa, au asipofika, jina hutolewa na babu wa upande wa pili. Na babu wa upande wa pili alikuwa Sangiwa, ambaye wajukuu wake saba wote waliitwa Sangiwa. Ukimwita mmoja waliitika saba, na mbuzi wa nane.

Mbonea alilia, tena alilia kweli. Akaapa mbele ya watu: "Atakayenifikisha ng'ambo kwa miguu yangu mwenyewe, mjukuu wangu ataitwa jina lake." Huko Vuhanga jina halikuchagua mwanamume wala mwanamke.

Sasa, kulikuwa na desturi nyingine. Kigoda cha mzee kikikutwa nje ya ua, ni marufuku mtu mwingine kukirudisha. Mwenyewe akifuate, la sivyo heshima yake inabaki huko huko. Kukitoa nje hakukukatazwa, maana hakuna aliyewahi kufikiria upuuzi huo.

Namkunda aliufikiria. Akamwita Nakijwa, mke wa Mbonea, akampangia hatua za kila siku. Kesho yake kigoda kikakutwa nyuma ya zizi. Mbonea akakifuata, akakikalia, jioni akakirudisha. Siku iliyofuata kikakutwa mgombani. Kisha kijitoni. Bandu bandu huisha gogo, na kila alfajiri Nakijwa alikibeba kichwani mbele zaidi. Waliokuwa wakipanda kilima walimpita, wakatazama ndege.

Mbonea akaamini kwamba kigoda kimeanza mazoezi.

"Mama Nanzia, hata mti mkavu unanishinda kutembea," alimwambia mkewe kwa uchungu.

"Labda nacho kimechoka kukaliwa, Baba Nanzia," akajibu Nakijwa.

Siku ya arobaini kigoda kilikuwa kileleni. Mbonea akapanda na kijiji kizima, akafika, akakaa, akakataa kuendelea. Akasema miguu imekwisha, wambebe tu, na mtoto aitwe Sangiwa, liwalo na liwe. Namkunda akambembeleza. Nakijwa akamsihi. Hakusogea.

Sangiwa naye alikuwa amepanda kutoka ng'ambo, ili amwone kwa macho yake mwenzake akishindwa. Mbonea alipoinuka kidogo kupiga miayo, Sangiwa akakikalia kigoda.

Kijiji kikaacha kucheka jiwe. Mbonea akainua fimbo. Sangiwa akakitia kigoda kwapani, akatimua mbio kuteremka ng'ambo. Mbonea huyo nyuma yake, akiruka mawe na kumtukana ukoo mzima, mpaka wote wawili wakaingia uani kwa binti yake. Mbonea alikuwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe. Akapewa mtoto, akampakata.

Namkunda na Nakijwa walipofika, watu watatu wakaja kudai ahadi.

Namkunda akasema, "Shauri ni langu. Bila mimi kigoda kingekuwa uani na wewe juu yake."

Nakijwa akasema, "Shauri halina miguu. Kichwa kilichobeba kigoda siku arobaini ni hiki, na mume wangu nimemdanganya kwa mara ya kwanza. Moyo unaniuma mpaka sasa."

Sangiwa akasema, huku akihema, "Wao walikufikisha kileleni, ukakata tamaa. Kileleni si ng'ambo. Aliyekufikisha ng'ambo ni mimi."

"Ulinifikisha kwa ubaya," akasema Mbonea.

"Uliapa atakayekufikisha. Hukusema kwa wema."

Mbonea akamtazama mjukuu wake, mtoto aliyemkimbilia kilima kizima ili asiitwe Sangiwa. Ahadi ni deni, na aliapa mbele ya watu. Wajukuu saba na mbuzi walikuwa wamejipanga mlangoni wakisikiliza.

Haya, ninyi mliokaa kitako mkinisikiliza, mtoto ameanza kulia na hana jina la kubembelezewa. Je, aitwe nani?