Shela ya Varsenik

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Pakawa na uzi!

Uzi wa nani?

Wa aliyeusokota!

Hapo kale, katika nchi ya Waarmenia, nchi ya milima na mawe na mikomamanga, palikuwa na kijiji cha mafundi. Wanaume walifua fedha, wakatengeneza mishipi na bangili. Wanawake walifuma mazulia, tena walishona lesi kwa sindano na uzi mtupu, bila kitambaa, fundo baada ya fundo.

Fundi kupita wote alikuwa mjane mmoja, jina lake Varsenik. Alikuwa na binti mmoja tu, Nazeli. Varsenik alimshonea binti yake shela ya arusi kwa miaka saba. Si sita, si minane. Saba. Alipomaliza fundo la mwisho aliugua, akafa. Nazeli hakubakiwa na kitu kingine cha mama yake duniani ila shela ile, imekunjwa sandukuni.

Basi, katika mlima ulio juu ya kijiji liliishi zimwi. Makucha yake yalikuwa kama mundu. Hata kutunga uzi kwenye sindano halikuweza. Lakini lilitaka sifa. Likajigeuza kwa uchawi, likawa mtu mzuri mwenye vidole virefu vyeupe. Akajiita Fundi Mkuu.

Siku moja akaja kijijini, akabeba mishipi ya fedha. Aliyemzuia alipigwa teke hadi uani. Akaipeleka kwa mfalme, akasema, "Kazi ya mikono yangu!"

Siku moja akaja tena, akabeba mazulia. Akayapeleka kwa mfalme, akasema, "Kazi ya mikono yangu!"

Siku moja, zikiwa zimebaki siku tatu Nazeli aolewe, akaja, akavunja sanduku, akachukua shela. Akaipeleka kwa mfalme, akasema, "Kazi ya mikono yangu!"

Mfalme akafurahi mno. Akamvika joho, akamketisha kando yake.

Nazeli alipokuta sanduku limevunjwa hakulia. Alitoka nje akipiga kelele kwa hasira.

Jirani yake, Bibi Anush, akamwambia, "Nyamaza, mwanangu. Tutakushonea nyingine, fupi."

"Fupi? Bibi, mama yangu aliacha macho yake mle ndani! Sitaki fupi wala ndefu. Nataka ile."

"Mfalme hatakusikia."

"Nitapiga kelele mpaka asikie."

Bibi Anush akajifunga shali. "Ukipiga peke yako utapasuka koo. Twende sote."

Basi wakaenda, wanawake wa kijiji kizima, mpaka barazani kwa mfalme. Shela ilikuwa imetandazwa mezani, na Fundi Mkuu ameketi kando yake.

Nazeli akasema, "Mfalme, shela hiyo ameishona mama yangu."

"Mama yako yuko wapi aje aseme?" akauliza Fundi Mkuu.

"Amekufa."

"Ala! Kumbe kwenu maiti wanashona!"

Baraza zima likacheka. Mnasikia, wanangu? Walicheka.

Mfalme akasema, "Binti, Fundi Mkuu ameniletea kazi mara tatu. Wewe umeniletea kelele."

"Basi mpe sindano. Ashone fundo moja tu."

Fundi Mkuu akaficha mikono ndani ya joho. "Mimi sishoni mbele ya watu wa mashamba."

"Basi ajibu swali moja. Nikiikata shela hii katikati, itakuwaje?"

"Mtoto wa juzi wewe!" akacheka Fundi Mkuu. "Ukikata uzi mmoja inafumuka yote, kama soksi. Litabaki rundo la nyuzi sakafuni."

Nazeli akamgeukia mfalme. "Umemsikia. Kwetu kila fundo hukazwa peke yake, ndipo lifuate jingine. Ukikata hapa, pale hapana habari. Aliyeishona shela hii angelijua hilo."

"Hayo yote ni maneno," akasema mfalme. "Leteni mkasi."

Mkasi ukaletwa, akapewa Nazeli.

"Usikate, mwanangu!" akalia Bibi Anush. "Miaka saba!"

Nazeli akaitazama kazi ya mama yake. Akinyamaza, inakwenda na mwongo. Akikata, ameiharibu kwa mkono wake mwenyewe.

Akakata.

Akavuta uzi wa kwanza. Haikufumuka. Akavuta wa pili. Haikufumuka. Akavuta wa tatu. Haikufumuka.

Fundi Mkuu akaruka kutoka kitini, akaukamata uzi uliokatika kwa mikono miwili, akavuta kwa hasira. "Fumuka! Fumuka! Fumuka!"

Shela haikufumuka. Aliyefumuka ni yeye, kwa sababu uchawi wake ulikuwa uzi mmoja mrefu usio na fundo hata moja. Vidole vyeupe vikafumuka, yakatokea makucha. Uso mzuri ukafumuka, yakatokea meno. Joho likaanguka, na zimwi likasimama tupu mbele ya baraza.

Wa kwanza kuvua kiatu alikuwa Bibi Anush. Wanawake wakalifukuza kwa viatu, toka barazani mpaka barabarani, toka barabarani mpaka korongoni. Likatumbukia, likapasuka.

Mfalme akafuta jasho. "Kumbe nimedanganywa."

"Hukudanganywa, mfalme," akasema Nazeli. "Mishipi ililetwa, hukuuliza ni nani ameifua. Mazulia yaliletwa, hukuuliza ni nani ameyafuma. Shela ikaletwa, nikakwambia ni nani ameishona, ukaacha nichekwe."

Mfalme akainamisha kichwa. Akaamuru kila kitu kirudishwe kwa mwenyewe. Kisha akasema, "Mafundi wangu wataliziba tundu ulilolikata kwenye shela."

"Hapana. Wa kuliziba hayupo."

Basi Nazeli akaolewa amevaa shela yenye tundu kubwa kama kiganja. Wageni wakamuuliza, "Nani ameikata?"

Akajibu, "Mimi."

"Na nani ameishona?"

"Varsenik."

Hadithi yangu imeishia hapo, na atakayeisimulia kesho aseme ameipata kwa nani. Ukipewa kitu kizuri kilichotengenezwa kwa mkono, uliza ni mkono wa nani. Anayechukua kazi ya mtu pamoja na jina lake ni zimwi, hata awe na vidole vizuri namna gani.