Mkeka wa Dhiraa Saba

Paukwa!

Pakawa!

Uongo uwe wangu.

Kweli iwe yetu sote.

Kabla sijaanza, wajukuu zangu, nikiri kosa. Nilipokuwa msichana nilimwambia shangazi yangu asiyeona kwamba ukili aliousuka, ule utepe wa majani ya mkindu wa kuungia mkeka, umepinda. Haukuwa umepinda. Nilimwonea choyo tu. Akafa sijamtaka radhi, na Mungu anajua.

Basi, palikuwa na mwanamke, jina lake Mwanamvua, fundi wa kudarizi kofia. Ndui ikampiga, ikamwachia roho, ikachukua macho. Kaka zake wakataka ahamie kwao, apewe pembe ya nyumba akae. Akakataa. Akajifunza kusuka ukili kwa vidole, akaunga mikeka yenye nakshi zilizoinuka, unazipapasa kama kovu. Watu wakaja kutoka miji mitatu kumwagizia.

Siku moja akasikia hodi. Mgeni akasema yeye ni Sudi, yatima, anatafuta mama wa kumtumikia. Mwanamvua akainuka amchotee maji.

"Kaa tu, mama. Nitafanya mimi."

Siku ya pili Mwanamvua akataka kupika.

"Kaa tu, mama. Nitafanya mimi."

Siku hiyo hiyo akajikwaa. Mtungi umehamishwa, kinu kimehamishwa, na nyumba aliyoijua kama kiganja chake imekuwa ya mtu mwingine. Na kila alipopita, kijana yule alimminya mkono juu ya kiwiko, akiuliza kama ameshiba.

Siku ya tatu akamchukulia miyaa yenyewe, majani yake ya kusukia.

"Kaa tu, mama. Nitafanya mimi. Na mikeka nitaiuza kwa jina langu. Watu hawaamini kazi ya kipofu."

Mwanamvua akamweleza jirani yake, Bi Tatu, kwamba kijana huyu anamtia shaka. Bi Tatu akamlaumu, akasema hana shukrani: kijana mpole, mzuri, meno yake meupe mpaka magego.

"Magego yake umeyaonaje?" Mwanamvua akauliza.

Bi Tatu akaaga, akaenda zake.

Hata hivyo Mwanamvua hakuwa na hakika. Akamwomba Mungu toba, asije akawa anamdhania mtu vibaya. Shaka haikutoka. Basi akaamua kumjaribu.

"Sudi, mwanangu, nataka nikuungie mkeka wako. Lala hapa nikupime."

Sasa, katika mji ule, aliye hai hupimwa mkeka amesimama. Anayelazwa akapimwa ni maiti. Mwambie hata mtoto alale apimwe, atakimbia akimwita mama yake.

Sudi akasema, "Haya," akalala.

Mwanamvua akapiga magoti kando yake. Akapima kwa mkono wake, kiwiko hadi ncha ya kidole: dhiraa moja, dhiraa mbili, dhiraa tatu. Akafika saba, miguu bado.

Zimwi, lile ambalo likisimama hujifanya mtu, likilala hurudia urefu wake.

Akapiga bismillahi moyoni, akavuta jamvi kubwa alilokuwa akiliunga, akalifunika zimwi pande zote, akaanza kushona ukingo kwa ukingo.

"Mama, mbona unabana?"

"Mkeka mpya hubana."

"Mama, mbona unabana?"

"Vuta pumzi ndani, mwanangu."

"Mama, mbona unabana?"

"Kwetu," akasema, akikata uzi kwa meno, "anayelala akapimwa huzikwa."

Zimwi likanguruma, likabiringika huku na huku. Ukili haukukatika, maana aliyeusuka alikagua kila pindo kwa kidole. Majirani wakaja, wakalisukumia kwenye shimo la udongo, wakafukia. Bi Tatu ndiye aliyefukia kwa bidii kuliko wote, wala hakumtazama mtu usoni.

Mwanamvua akarudisha mtungi mahali pake, kinu mahali pake, akakaa kwenye miyaa yake. Wateja wakaja, wakabisha hodi kwa fundi.

Hadithi yangu nimeikunja hapa. Anayekufanyia kila kitu bila kukuuliza, mchunguze, huenda anakunonesha. Nami nawaomba neno moja tu, wajukuu zangu: mkimkuta asiyeona yuko kazini, msimpokonye kazi mkononi. Muulizeni kwanza.