Mbwa Aliyezaliwa na Hofu ya Mama Yake

Nitoe, nisitoe?

Toa!

Masikio yapo?

Yapo!

Hapo zamani za kale palikuwa na mwindaji, jina lake Ngassa. Alikuwa na mbwa jike aitwaye Tabu. Alimpiga asubuhi, akampiga jioni, hata alipokuwa na mimba. Mtu gani yule! Ningekuwepo ningemnyang'anya ile fimbo.

Tabu akazaa mtoto mmoja, jike. Ngassa akamnyanyua kwa sikio, maana ndivyo wawindaji walivyochagua mbwa: asiyelia ni wa kuwinda, anayelia hafai. Mtoto akalia, akatetemeka hata akajikojolea, na fimbo haijamgusa bado.

"Huyu uoga umo damuni," akasema Ngassa. "Naenda kumtupa mtoni."

"Thubutu!" akafoka Nyamizi, mjane mfuga mbuzi aliyekuwa akipita. "Nipe mimi."

Akamchukua, na jina likawa hilohilo, Thubutu.

Thubutu alipokua, akawa mlinzi wa mbuzi. Fisi akapata habari za uoga wake, akaja zizini. "Mtoto wa Tabu, nipishe!" Thubutu akakimbia, akajificha chini ya ghala. Fisi akabeba mbuzi. Nyamizi hakumpiga. Alimpapasa, akampa uji. "Kula, mwanangu. Utasimama tu."

Wewe unayecheka huko nyuma, ngoja.

Fisi akaja tena. "Mtoto wa Tabu, nipishe!" Thubutu akabweka kidogo, kisha mbio! Fisi akabeba mbuzi. Nyamizi akalia machozi, lakini hakumpiga. Uji akampa, akampapasa.

Siku zikapita, Thubutu naye akashika mimba. Akajiambia, "Hofu hii niliipata tumboni mwa mama, maskini, wala hakupenda. Mimi wanangu siwapi. Nife leo, sikimbii."

Fisi huyo! "Mtoto wa Tabu, nipishe!"

"Sikupishi."

"Mbona unatetemeka?"

"Natetemeka, ndiyo. Haya, pita sasa!"

Fisi akapita. Thubutu akamrukia, akamng'ata mguu, akang'ang'ania. Fisi akapiga mayowe, akaondoka anachechemea, mbuzi hakupata. Tangu siku ile hakurudi tena.

Thubutu akalala kwa amani, akala akashiba, akazaa. Ngassa akaja kuomba mbwa. Watoto wakamkimbilia, mikia juu, wakamrambaramba miguu. Hawana habari!

"Mama Nyamizi," akasema Ngassa, "hawa ni wajukuu wa Tabu kweli? Damu ni ileile, uoga umekwenda wapi?"

"Uoga haukuwa wa Tabu," Nyamizi akamjibu. "Ulikuwa wako, Ngassa. Wewe ndiye uliyeutia. Mbwa sikupi."

Ngassa akarudi kwake mikono mitupu, kichwa chini.

Basi, wenzangu, mtoto hurithi damu, na hurithi pia mateso ya mama yake. Lakini akitunzwa, naye akikaza moyo, mateso yale huishia kwake.

Hadithi yangu imelala. Atakayeiamsha, aitunze.